Ripoti ya usafi isomwe na mlaji

Ebola ilitangazwa 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Katika muda huo ndoo ya maji ya klori ilisimama mlangoni mwa restora nyingi za Beni na Butembo. Hakuna aliyehitaji Kifaransa kuielewa. Ikiwa tupu, mlaji aliuliza, au akaenda kwa jirani.

Lakini ndoo ilisema juu ya mikono tu. Haikusema kama nyama mbichi na mboga hukatiwa ubao mmoja, wala kama sombe ya jana ilipashwa moto hadi ikachemka. Tumbo la kuharisha huanzia huko.

Afisa wa usafi akipita jikoni, huandika kwa Kifaransa, lugha ya ofisi. Mpishi anaongea Kinande au Kiswahili, na mlaji haoni kitu. Ripoti inabaki siri ya watu wawili, na siri ya wawili huweza kumalizwa kwa pesa.

Watasema kuibandika ukutani kutaua biashara ya kina mama wenye restora ndogo. Mimi naona kutawalinda: leo msafi na mchafu wanaonekana sawa. Ukurasa mmoja unatosha, wenye tarehe na mambo manne: maji, mikono, kibichi mbali na kilichoiva, moto wa kutosha.

Kuuandika kwa Kiswahili na Kinande ni kazi ya watu wa lugha. Wenzangu wa kitivo, tuanze na restora tunakokula sisi.