Jasho la Akili

Wako watu wasemao kwamba wazo ni kama upepo: halina mlango wala ufunguo, na kila apitaye aweza kulivuta. Kwa neno hilo hunakili kitabu cha mwenzao, huuza wimbo wa mwenzao, kisha hulala usingizi kama watu wasio na deni. Neno hilo ni nusu ya kweli, nalo hutumika kuficha uongo mzima.

Ni kweli kwamba sheria ya hakimiliki haifungi wazo. Hadithi ya sungura amshindaye simba yaweza kutungwa na kila mtu. Ilindwayo ni kazi iliyokwisha kuandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Mlango wa kutunga u wazi kwa wote. Uliofungwa ni mlango wa kuiba. Basi mwizi ana udhuru gani?

Tazameni habari za Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 yeye na wenzake walirekodi wimbo wake "Mbube" mjini Johannesburg. Haki zake alizitoa kwa shilingi 10 tu. Mwaka 1961 wimbo ule, ukiwa umevikwa maneno ya Kiingereza, ulivuma Marekani ukatajirisha wengine. Mwaka 1962 Linda alikufa maskini. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika hata Afrika Kusini, ilisema kuwa haki zilizouzwa na mtungaji huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa kifungu hicho kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 mapatano yakawapa binti zake fungu lao.

Wengine husema, "Mtungaji hakupungukiwa na kitu, wimbo wake angali nao." Linda naye alibaki na wimbo wake. Alichokosa ni ujira, na wimbo haupikwi chunguni.

Katika Kenya, kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 chaiamuru Serikali izilinde haki hizi. Lakini askari hawezi kusimama penye kila mashine ya kunakili. Mlinzi wa kwanza ni dhamiri ya msomaji. Enyi vijana, watungaji wa kesho ni ninyi. Nunueni kazi ya mtu au ombeni ruhusa yake, na mnapoazima maneno mtajeni mwenyewe. Alaye jasho la mwenzake leo asilie kesho lake likiliwa.