Mpiga Kinanda wa Kambi Asitegemee Kitufe

Katika kambi zetu nyingi, Jumapili haipiti bila kwaya ya askari na familia zao kuimba nyimbo za Injili. Jambo hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo, yafaa isemwe wazi kwamba waimbaji wetu wamesonga mbele, lakini wapiga vinanda wengi wamebaki nyuma. Wamezoea ufunguo mmoja tu, ule wa C. Na mwimbaji aanzapo juu zaidi, wao hubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti.

Kitufe hicho ni mkongojo, na mwenye miguu mizima hapaswi kuuegemea. Siku ya maziko ya mwenzetu, mpiga kinanda aweza kukuta kanisani piano kuukuu isiyo na kitufe chochote. Aweza pia kuambiwa afuatane na bendi ya matarumbeta, ambayo ala zake nyingi hutengenezwa kwa ufunguo wa B fleti au E fleti. Hapo vidole hupotea, kwaya hutawanyika, na wafiwa hukosa faraja.

Dawa ipo, na nusu yake tunayo tayari. Kwaya nyingi husoma nyimbo kwa do, re, mi, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Katika mfumo huo, do huhama pamoja na wimbo. Mpiga kinanda naye na ahesabu hatua, wala si majina ya vibao. Aanze na kodi tatu. Nazo si zile zidaiwazo na serikali, bali ni sauti zipigwazo kwa pamoja: do-mi-sol, fa-la-do na sol-ti-re. Ndani ya hizo zimo sauti zote saba za ngazi.

Atokapo kodi ya do kwenda ya fa, asirushe mkono. Do ibaki mahali pake. Mi ipande kuwa fa, na sol ipande kuwa la. Ndivyo sauti za kwaya ziendavyo. Kisha ajifunze mwendo upendwao sana katika Injili: re-fa-la-do, halafu sol-ti-re-fa, hata kutua kwenye do. Ufunguo mmoja kwa juma, na baada ya majuma 12 atakuwa amezipitia funguo zote 12.

Wapo wasemao kwamba Injili hutoka moyoni, haina haja ya darasa. Na wamtazame Thomas A. Dorsey wa Chicago, aitwaye baba wa muziki wa Injili wa Wamarekani weusi. Mwaka 1932 alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Katika msiba huo akatoa wimbo ambao Mahalia Jackson aliuimba katika maziko ya Martin Luther King mwaka 1968. Moyo wake ulivunjika, ni kweli. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupiga piano kwa miaka mingi, hata kumsindikiza mwimbaji Ma Rainey. Uchungu ulimkuta mikono yake ikiwa tayari.

Basi makamanda, makasisi na wakuu wa bendi watenge walau saa moja kwa juma kwa mafunzo hayo. Askari hafundishwi kulenga shabaha siku ya vita. Na mpiga kinanda asingoje siku ya maziko ndipo aanze kutafuta ufunguo.