Saa za kupima usingizi: Namba zake zisomwe vipi?

Na Mwandishi Wetu

SAA za mkononi zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi sasa zinauzwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kama zinavyouzwa simu. Hakuna kinachozuia mojawapo kufika kwa mzazi aliyeko Kata ya Maguu, wilayani Mbinga, ikiwa zawadi ya mwanawe aliyeko mjini.

Kila asubuhi kifaa hicho hutoa taarifa: umelala muda gani, umeamka mara ngapi, umepata dakika ngapi za usingizi mzito na umestahili alama ngapi kati ya 100. Swali la kujiuliza ni iwapo namba hizo zina uzito wa kipimo cha hospitali. Jibu lake si dogo, kwani mwenye afya njema anaweza kutishwa bure, na mgonjwa anaweza kutulizwa bure.

Ukweli ni kwamba kifaa cha mkononi hakiupimi usingizi wenyewe. Ndani yake mna kihisi kinachotambua mkono unaposogea, na taa ndogo, aghalabu ya kijani, inayomulika ngozi ili kufuata mapigo ya damu. Mkono ukitulia na moyo ukipunguza kasi, programu hukadiria kwamba mwenye mkono amelala. Katika maabara ya usingizi, wataalamu hupima mawimbi ya umeme ya ubongo, mwendo wa macho, misuli na pumzi. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotofautisha kwa uhakika usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliyelala chali gizani akiwaza ada ya shule au bei ya kahawa, bila kujigeuza, anaweza kuhesabiwa kuwa amelala. Ndiyo maana vifaa hivi huwa na mwelekeo wa kuzidisha muda wa usingizi. Mgawanyo wa hatua za usingizi ndio dhaifu zaidi, na kwa kuwa kila kampuni ina kanuni yake ya kukokotoa, vifaa viwili kwenye mkono mmoja vinaweza kutoa majibu mawili.

Hata hivyo, haimaanishi kwamba kupima usingizi mkononi ni kazi bure. Tanzania yenyewe ina ushahidi wa hilo. Mwaka 2015, watafiti akiwamo Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliowavisha vifaa vya aina hiyo Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu wazima 94 walifuatiliwa kwa jumla ya siku 1,165. Ilibainika kuwa, bila ya taa za umeme, walilala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na usingizi ulianza zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama. Dhana kwamba mababu walilala jua lilipotua ilitikisika.

Mwaka 2017 ukafuata utafiti mwingine kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ulioongozwa na David Samson, akiwamo pia Profesa Audax Mabulla wa Tanzania. Watu wazima 33 walivaa vifaa kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 za vipimo, ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati mwingine wowote, walau mmoja alikuwa macho au akisinzia.

Funzo ni kwamba vifaa hivyo vilisaidia kwa sababu viliulizwa swali vinaloweza kulijibu: watu wengi, kwa siku nyingi, hulala na kuamka lini? Hakuna Mhadzabe aliyepewa alama 61 na kuambiwa amefeli usiku.

Suala la ratiba ya maisha nalo lina nafasi yake. Wavuvi wa usipa wa Mbamba Bay na Liuli, katika Ziwa Nyasa, hufanya kazi kwa taa usiku wa giza na kulala mchana. Mvuvi wa namna hiyo akivaa kifaa kilichotengenezwa kwa kudhani kwamba binadamu hulala usiku, anaweza kuhesabiwa usingizi pungufu, ilhali amelala kwa zamu yake.

Aidha, kuna hatari ya namba kuwa maradhi. Mwaka 2017, watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa watatu waliohangaishwa na takwimu za vifaa vyao. Mmoja wao alipimwa maabara na kuonekana amepata usingizi mzito, lakini bado aliamini zaidi kifaa chake. Hofu ya kutolala vizuri nayo hufukuza usingizi.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, ambao huambatana na shinikizo la damu na kusinzia mchana, jambo la hatari kwa dereva. Mwaka 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu baadhi ya saa za Samsung na Apple kutoa tahadhari ya dalili zake, lakini tahadhari hiyo si uthibitisho wa ugonjwa, na ukimya wa saa si cheti cha afya. Zaidi ya hayo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni, vinavyotumia mwanga, vilishindwa kutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Msomaji wa Afrika ana kila sababu ya kuipokea namba ya oksijeni kwa tahadhari.

Basi namba hizo zisomwe vipi? Kwanza, usiku mmoja usipewe uzito. Utazamwe mwenendo wa wiki kadhaa. Pili, saa ya kulala na ya kuamka iaminiwe kuliko dakika za usingizi mzito. Tatu, namba ilinganishwe na hali ya mwili: anayeamka na nguvu na asiyesinzia mchana hana sababu ya kuogopa alama ndogo.

Lakini anayekoroma kwa nguvu, anayekatikiwa na pumzi usiku au anayesinzia kazini aende hospitali, hata kama kifaa kinampongeza. Huko daktari ataanza kwa kuuliza maswali na kupima shinikizo la damu. Mke au mume anayesikia pumzi ikikatika ni shahidi anayestahili kusikilizwa kabla ya saa yoyote ya mkononi.