Samaki Ndugu Wasiofanana na Wageni Wanaofanana

Msomaji mmoja, karani wa upande wa Nyanza, ameniuliza swali jema. Asema: ikiwa viumbe hugeuka polepole kwa kufuata riziki zao, mbona wengine wa ukoo mmoja huachana sura kabisa, na wengine wasio wa ukoo mmoja hufanana? Jibu analo karibu na nyumbani kwake. Ni fulu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Watanzania huwaita furu.

Kwanza tufahamu maana ya uteuzi wa maumbile. Mkulima mwangalifu, akiisha kuvuna, hutenga mahindi yaliyo bora yawe mbegu. Afanyapo hivyo miaka mingi, mahindi yake huwa si yale ya babu yake tena. Mwaka 1859 Charles Darwin, Mwingereza, alieleza katika kitabu chake kwamba maumbile hufanya kazi kama hiyo, ijapokuwa hayana nia wala macho. Watoto wa mzazi mmoja hawakosi tofauti. Yule mwenye tofauti imfaayo mahali alipo huishi na kuzaa kuliko wenzake, na watoto wake huirithi.

Sasa tulitazame Ziwa Victoria. Wataalamu waliochimbua matope ya chini yake wameona dalili kwamba ziwa hilo lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa habari za viumbe, muda huo ni kama jana tu. Hata hivyo fulu walioingia humo wamezaa aina zipatazo 500. Sababu ni kwamba chakula kilikuwa cha namna nyingi. Wengine walinufaika kwa kukwangua mwani juu ya mawe, wengine kwa kuvunja konokono, wengine kwa kula samaki wenzao. Taya na meno yao yakafuata kazi. Ndivyo ndugu wanavyoachana: riziki zao zimeachana.

Njia ya pili ni kinyume cha hiyo. Katika Ziwa Tanganyika, lililo la kale zaidi, na katika Ziwa Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi, wamo pia wakwangua mwani na wavunja konokono. Katika maziwa yote matatu wamo samaki wenye midomo minene, ambayo huwasaidia kufyonza wadudu waliojificha katika nyufa za miamba. Ukiwaweka pamoja utaapa kwamba ni wa mama mmoja. Lakini tangu miaka ya 1990 uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba wale wa Nyasa ni ndugu wa samaki wenzao wa Nyasa, wala si wa wenzi wao wa Tanganyika. Kazi moja imewapa sura moja, kama vile majembe ya wahunzi wawili wasiojuana yanavyofanana kwa kuwa kulima ni kule kule.

Iko na njia ya tatu, nayo ni rangi. Upande wa Mwanza wako fulu wawili wa karibu sana: dume la mmoja ni jekundu, na la mwingine ni la buluu. Yule mwekundu amepewa jina la kitaalamu kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jike huchagua dume lenye rangi ya aina yake, na kwa hiyo koo hizo mbili hubaki mbali mbali. Lakini mwaka 1997 wataalamu walitangaza kwamba penye maji ya tope jike haoni rangi sawasawa. Basi aina huchanganyika na kupungua.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu. Katika miaka ya 1950 mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani. Katika miaka ya 1980 alizidi mno, na aina za fulu zipatazo 200 hudhaniwa zimetoweka. Mbuta amewapa watu wengi kazi na fedha, hatuwezi kukana. Lakini adui wa pili, yaani tope, hutoka mashambani mwetu. Mvua ikishuka juu ya mteremko usio na matuta, udongo wa mkulima huingia mtoni, na mto huupeleka ziwani. Mkulima amepoteza rutuba, na mvuvi amepoteza samaki.

Basi, bwana karani, wasomee majirani habari hizi. Wafanye matuta kukingama mteremko, wala wasilime mpaka ukingoni mwa mto, bali waache nyasi zishike udongo. Mbegu ya mahindi ikipotea, huenda tukapata nyingine kwa jirani. Aina ya samaki iliyotengenezwa kwa maelfu ya miaka haina jirani wa kutukopesha.