Ratiba ya Ligi Isiwe ya Viporo

Tarehe 8 Machi 2025 watu walikuwa wamejiandaa kuwaona Simba na Yanga wakipambana Dar es Salaam. Siku ile ile mchezo ukaahirishwa. Ulichezwa tarehe 25 Juni, mwisho kabisa wa msimu. Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Sisi hatuulizi nani alikosa. Hayo yamekwisha semwa mpaka basi. Twauliza habari ya ratiba.

Ligi ya timu 16 ina michezo 240. Kila timu hucheza 30, nusu nyumbani, nusu ugenini. Kwa hesabu huo ni usawa. Lakini mwenye viporo viwili vitatu huingia uwanjani akijua ahitaji pointi ngapi na mabao mangapi. Mwenzake alicheza gizani.

Ndugu zetu wa Algeria wayajua haya. Katika Kombe la Dunia la 1982, huko Hispania, waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, na tarehe 24 Juni wakamaliza michezo ya kundi lao kwa kuwafunga Chile 3-2. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani na Austria waliingia wakijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita. Bao likafungwa mapema. Kisha mpira ukapigwa huku na huku mpaka firimbi ya mwisho. Algeria wakarudi kwao. Hakuna sheria iliyovunjwa: ratiba ndiyo iliyowaponza. Tangu 1986 michezo ya mwisho ya kila kundi huanza kwa wakati mmoja. (Ilibidi Mwafrika adhulumiwe kwanza, ndipo wakubwa wa mpira wakajifunza.)

Tena kuna safari. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na timu za Dar es Salaam zikikutana zenyewe kwa zenyewe wachezaji hulala vitandani mwao. Kigoma haisogezwi. Ila mpangaji aweza kuifanya timu ya Kigoma icheze michezo miwili ya pwani kwa nauli moja. Wako watakaosema kwamba kucheza ugenini mara mbili mfululizo ni kuonewa. Lakini timu mbili zilizo nyumbani siku zile zile hazikutani kamwe. Kwa hiyo kati ya timu 16, ni mbili tu ziwezazo kupokezana nyumbani na ugenini pasipo kukatika. Zilizobaki lazima zivumilie. Basi zamu hizo zigawanywe kwa kura, mbele ya watu.

Twataka ratiba itangazwe msimu haujaanza, na siku za mashindano ya Afrika ziwe zimekwisha tengwa humo. Kila kiporo kichezwe kabla ya raundi tano za mwisho. Raundi mbili za mwisho zianze wakati mmoja viwanja vyote, hata kama watu wa televisheni watanung'unika. Na klabu kubwa ikiomba kuahirishiwa mchezo, ijibiwe vile vile ambavyo ingejibiwa klabu ya Kigoma.