Mdudu wa Dhahabu katika Matembele

Mwenye kupita katika shamba la viazi vitamu huona mara nyingi majani yametobolewa matundu ya mviringo. Akiligeuza jani, huenda akamkuta mwenye kulitoboa: mdudu bapa, mwenye gamba pana lililofunika kichwa na miguu kama gamba la kobe. Mwanga hupenya kingoni mwake kama katika kioo, na mgongo wake hung'aa kama dhahabu. Lakini akifa, dhahabu hiyo hufifia.

Wana wake hawana uzuri huo. Wana miiba ubavuni, na juu ya mkia ulioinuliwa hubeba ngozi walizojivua pamoja na mavi yao. Mzigo huo mchafu ndio ngao yao mbele ya adui. Katika majuma 3 hadi 6 yai limekwisha kuwa mdudu kamili.

Je, tumwue kwa dawa? Tusiwe wepesi. Kiazi kitamu huchipua upesi, nacho huvumilia kupotewa na majani mengi. Tena wako nyigu wadogo mno ambao huyaharibu mayai ya mdudu huyu. Dawa huwaua na hao wasaidizi wetu. Zaidi ya yote, matembele ni mboga. Sumu aliyonyunyiza baba asubuhi, mama ataichuma jioni na kuwapakulia watoto. Wadudu wakizidi, tuwaokote kwa mkono, na tung'oe magugu yatambaayo ya jamii ya kiazi, maana huko nako hula.

Adui wa kweli yuko chini. Ni fukusi, mdudu mwembamba kama sisimizi, apitaye katika nyufa za udongo na kutaga mayai katika kiazi chenyewe. Kiazi hicho huwa kichungu, hakifai kwa mtu wala kwa mnyama. Dawa yake ni jembe: tufukie nyufa, tupandishe udongo juu ya matuta, tuchague marando safi ya nchani, tuvune kwa wakati, wala tusirudie kupanda viazi mahali pale pale.

Ndivyo ilivyo hata katika malezi. Mtoto hukaripiwa vikali kwa shati lililochanika, na uongo unaomla moyoni hauulizwi.

Basi, wazazi, juma hili, kabla ya kununua dawa kwa ajili ya matundu ya majani, fukueni shina moja mkatazame kiazi.