Kuimba na Kuimbishwa

Wanafunzi wangu wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba viambishi vidogo viwili, -ish- na -w-, vyaweza kugeuza maana ya kitenzi kizima. Anayeimba ni mtenda. Anayeimbishwa ametendwa: yupo mwingine nyuma yake aliyeamua saa, mahali, wimbo na sababu. Leo naomba tuitoe sarufi hii darasani tuipeleke uwanjani, pale wasichana wa shule wanapopangwa kwa mistari kumpokea mgeni rasmi.

Hapa Uganda picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Vipindi vya asubuhi vimefutwa. Wasichana wamesimama juani tangu saa tatu, sare zimepigwa pasi. Mgeni anafika saa saba, kama ilivyo desturi ya wageni wa namna hiyo. Jina lake limo katika kila kiitikio. Anatabasamu, anatoa bahasha, na mimi sijapata kuiona bahasha hiyo ikiwafikia waimbaji. Kisha tunaambiwa kwamba hiyo ni kwaya, na kwamba inawakuza mabinti zetu.

Nakataa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki kwa uhuru katika utamaduni na sanaa. Neno "uhuru" halikuwekwa pale kwa urembo.

Hata hivyo, bahasha si jambo baya kuliko yote. Baya zaidi ni mafunzo yenyewe. Ingia katika mazoezi ya kwaya uangalie ni nani aliyeshika karatasi ya nota. Mara nyingi ni mwalimu wa kiume. Kinanda kinapigwa na mvulana, na anayeongoza kwa mikono ni mvulana mwingine. Wasichana ndio wanaobeba sauti ya kwanza na ya pili, lakini hukaririshwa mstari kwa mstari mpaka wimbo uwakae masikioni. Mashindano yakipita, hawaondoki na ujuzi wowote. Mwaka unaofuata hukaririshwa upya. Aliyefundishwa kinanda, yeye hubaki na kazi mkononi: kanisani, harusini, studioni.

Kinaya ni kwamba solfa, zile do, re, mi zilizoletwa katika kwaya zetu na wamisionari, zilitokana na kazi ya mwanamke. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich nchini Uingereza, alichapisha mfumo wake mwaka 1835 ili watu wasiosomea muziki nao waweze kuusoma wimbo. Mchungaji John Curwen aliuchukua, akaurekebisha, akaueneza, na jina lililovuma likawa lake. Karibu karne mbili baadaye, tungali tukiwanyima wasichana karatasi hiyohiyo.

Nitajibiwa kwamba wasichana wenyewe wanafurahi. Naam, wanafurahi, kuimba pamoja kuna raha hata kwa aliyelazimishwa, na ndiyo maana unyonyaji huu ni rahisi. Wengine watadai kwamba wasichana hawawezi mafunzo mazito. Katika kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, sauti za juu zilikuwa za wavulana kwa karne nyingi. Mwaka 1991 ikaanzishwa kwaya ya wasichana yenye mafunzo yake kamili, nao wakaimba ibada sawa na wavulana. Akili za wasichana hazikubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni nani aliyefundishwa.

Programu ninayoitetea haina gharama kubwa: ubao, chaki, na mwalimu aliye radhi kupitisha majuma manne ya kwanza bila wimbo wa kuonyesha wageni. Kila msichana asome solfa. Kila mmoja aongoze wenzake walau wimbo mmoja kwa muhula. Fedha zikitolewa, hesabu isomwe mbele yao. Tena wawe na ruhusa ya kukataa wimbo wa kumsifu mtu. Hilo la mwisho ndilo litakalowaudhi wakuu wa shule, nami naelewa kwa nini: binti aliyezoea kuukataa wimbo huenda kesho akamuuliza mgeni rasmi swali.

Enyi mlio katika kwaya, kwenye mazoezi yajayo nyosheni mikono mwombe karatasi. Mkinyimwa, niandikieni, kwa Kiswahili, sababu mliyopewa.